Maneno Aliyosemewa Mzee Eliakunda

1

Niendiwe Mchome alipanda kwenda Kwamrindi akiwa na zawadi mgongoni. Ilikuwa Julai, mwezi ambao ukungu wa Upare hauna adabu. Huingia ndani bila hodi, hulala juu ya blanketi, hulowesha hata kiberiti kilichofichwa mfukoni. Pikipiki ya umeme alikuwa ameiacha chini, kwenye daraja la miti, akapanda kwa miguu saa nzima na nusu.

Zawadi yenyewe ilikuwa Jirani mpya, kidude kisichozidi kipande cha sabuni, kilichotiwa ndani ya kasha la mbao. Jirani hakuwa na kioo wala vitufe. Mzee yeyote alimvaa shingoni kwa uzi, akasema kwa Kipare au kwa Kiswahili, "Jirani, nitafutie mwanangu," na mwanawe akapatikana hata awe upande wa pili wa dunia. Katika vitongoji kumi na kimoja vya milimani, wazee mia tatu na kumi na wawili walikuwa wamevaa Jirani. Niendiwe, mwenye miaka thelathini na minne, ndiye aliyekuwa fundi wao pekee.

Aliyeshinda zawadi ile alikuwa Mzee Eliakunda Mbwambo, mwenye miaka themanini na mmoja. Taarifa za Mradi uliowagawia wazee vidude hivyo zilionyesha kwamba kwa mwaka mzima hakupitisha siku bila kuzungumza na binti yake, Nakundwa, aliyekuwa fundi mitambo pwani ya Namibia, kwenye kiwanda cha kuyageuza maji ya bahari kuwa matamu. Wakubwa wa Mradi walilipenda jina la Mzee Eliakunda. Walikwisha kulitaja katika mikutano miwili kama mfano.

"Hodi hapa!"

Alitoka Bibi Nanzia, mjane wa mdogo wake mzee, akifuta mikono kwa khanga.

"Karibu, Mama Fundi. Pita ndani, huku nje utaganda."

"Shikamoo, bibi. Nimemletea mzee zawadi yake. Yupo?"

Bibi Nanzia alimtazama kwa namna ambayo Niendiwe hakuielewa. "Atakuwa wapi tena?"

Mzee Eliakunda alikuwa ameketi kando ya moto. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani kama kitu alichoazimwa, na mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Alipomwona mgeni alijaribu kusimama. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka haikuwa na neno hata moja ndani yake. Ilikuwa mvumo mzito uliojikwaa, ukaanza upya, ukajikwaa tena.

Niendiwe alibaki ameshika kasha la mbao.

"Tangu lini?" aliuliza, akiwa hajui kama anamuuliza mzee au bibi.

"Februari," alijibu Bibi Nanzia. "Mganga wa zahanati alisema ni kiharusi. Akasema kule Moshi kuna wataalamu wanaomfundisha mtu kusema upya, ila asicheleweshwe, na aende na mtu wake wa kukaa naye. Basi tunamngoja huyo mtu wake."

"Nakundwa anajua?"

Bibi Nanzia alicheka bila furaha. "Aache kujua vipi, nawe? Si anaongea naye kila jioni ya Mungu? Baba mtu anahangaika pale kumwambia aje, mate yanamtoka, na yeye huko anasema, 'Vizuri baba, lala salama.' Siku moja alicheka. Nimemsikia kwa masikio yangu. Baba anamlilia, mtoto anacheka! Kijiji kizima kinajua. Hapa jina lake hatulitaji tena."

Mzee alifumba macho.

2

Niendiwe aliomba kuketi. Jana yake, kwa mujibu wa taarifa, Mzee Eliakunda alikuwa amezungumza na binti yake dakika kumi na nne. Mtu asiyeweza kutamka jina lake mwenyewe anazungumza nini kwa dakika kumi na nne?

Akamvua mzee Jirani wa shingoni, akakiunganisha kidude na bamba lake la kazi, lenye kioo cha kusomea. Safu ya tarakimu ikapanda. Aliitafuta moja tu, akaiona. Sehemu iliyozibwa: tisini na sita kwa mia.

Kule milimani sauti husafiri kutoka kwa Jirani hadi kwenye puto la mawasiliano lililofungwa kwa kamba kileleni, na kutoka pale kwenda duniani. Husafiri ikiwa imekatwa vipande vidogo vidogo, na ukungu mzito humeza vipande hivyo kama kuku anavyodonoa mtama. Ndiyo maana Jirani alifundishwa kuziba pengo. Kwa kuwa alikuwa amemsikiliza mzee wake kwa miaka, aliweza kukisia silabi iliyomezwa, akaitia kwa sauti ileile ya mwenyewe. Msikilizaji wa mbali hakuhisi kitu. Kanuni ya Mradi iliruhusu kuziba pengo lisilozidi sekunde mbili.

Sekunde mbili hazikutosha. Msimu wa kwanza wa ukungu, wazee tisini walimtupa Jirani chini ya kitanda. Mmoja alimwambia Niendiwe, "Kidude chako kinanikatia mwanangu katikati, kama mtu anayefunga mlango usoni." Neno hilo lilimchoma. Basi akiwa peke yake ofisini, bila kumuuliza mtu, aliuondoa ule ukomo. Akamruhusu Jirani azibe pengo lolote, kwa urefu wowote. Wazee wakarudi hewani. Taarifa zikapendeza, na wakubwa wakampongeza.

Sasa alikuwa anatazama alichokifanya. Februari, Mzee Eliakunda alipoanza kusema kwa ulimi uliolemaa, Jirani hakujua habari za kiharusi. Alisikia sauti iliyovurugika, akadhani ni ukungu. Akafanya kazi aliyofundishwa. Akatengeneza.

"Mzee," Niendiwe alisema, akapiga goti karibu naye. "Kidude hiki hutunza mazungumzo ya siku saba kwa ajili ya matengenezo. Kinatunza ulichosema wewe, na kinatunza kilichomfikia mwanao. Nataka kusikiliza, lakini ni mambo yako na binti yako. Ukikataa sitasikiliza. Nibane mkono kama unaniruhusu."

Mkono wa kushoto wa mzee ukambana hadi vidole vikauma.

Akafungulia kwanza yale yaliyomfikia Nakundwa.

"Mimi mzima kabisa, mwanangu!" ilinguruma sauti ya Mzee Eliakunda, nene, ya mtu aliyeshiba. "Nimekula makande, hapa nashukuru Mungu tu. Wewe tazama kazi yako. Usihangaike na sisi."

Bibi Nanzia alishika kifua. "Huyo nani?"

Mzee alikuwa amekodoa macho. Alikitazama kidude, akatazama mlango, kana kwamba mtu angeweza kuingia pale akiwa amevaa uso wake.

"Usiogope, mzee," Niendiwe alisema. "Sasa sikiliza ulichosema wewe."

Ukasikika ule mvumo, ukijikwaa na kuanza upya. Kisha, kwa taabu kubwa, "Njjj… nja… njo… o." Kimya. "Njo… o." Na mara baada yake, ikicheka kidogo, sauti ya mwanamke kutoka mbali: "Haya baba, na mimi nitayakumbuka makande. Lala salama."

Mara kumi na tisa katika siku saba mzee alikuwa amesema njoo. Mara zote kumi na tisa Jirani alikuwa amelichukua neno lile kama kipande kibovu, akaweka mahali pake maneno ambayo Mzee Eliakunda alizoea kusema zamani, alipokuwa mzima na hakutaka kumsumbua mwanawe.

Mzee aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Bibi Nanzia aliongea kwa sauti ya chini.

"Kwa hiyo mtoto wa watu nimekuwa nikimlaani bure?"

3

Niendiwe alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba kwenye migomba, akampigia Shafii, mwenzake aliyekaa kwenye ofisi ya Mradi mjini. Akamweleza yote. Shafii alimsikiliza hadi mwisho.

"Umewaambia nini hapo?"

"Bado sijaeleza kwa nini imetokea."

"Basi usieleze. Nisikilize, dada. Rudisha ukomo kwa huyo mzee mmoja. Sema kidude chake kilikuwa kibovu, mpe hicho kipya, binti atasikia mwenyewe usemi wa baba yake leo hii. Atakuja. Si ndicho unachotaka?"

"Na wengine mia tatu na kumi na mmoja?"

"Wengine wana shida gani? Wanaongea, wanafurahi. Ukilitoa hili, wakubwa watazima uzibaji milima yote kesho yake. Julai hii! Utawatupa wazee wote gizani hadi Septemba kwa ajili ya mtu mmoja ambaye tumekwisha kumsaidia. Na wewe hutakuwapo kuwarudisha, maana kazi huna."

Shafii hakuwa mjinga. Aliwafikiria wazee wa vitongoji vile. Alikuwepo mmoja aliyemwimbia mjukuu wake wa Mwanza kila asubuhi. Alikuwepo mwingine, kipofu, ambaye dunia yake yote ilipita katika kidude kile. Aliona kitendo kimoja kidogo cha uongo na wema mwingi unaokitegemea.

Halafu akajiuliza swali ambalo hakuweza kulifukuza tena. Yule kipofu jana alimwambia nini mwanawe, na mwanawe alisikia nini? Hakujua. Hakuna aliyejua. Kila mzee milimani alisema neno lake akiamini limefika, na yeye, fundi wao, ndiye aliyekuwa ameivunja amana hiyo bila kuwauliza.

"Shafii," alisema, "nakushukuru. Andika kwamba nimekupigia saa tano na nusu nikakuambia kila kitu. Sitaki uje uulizwe kwa nini ulificha."

"Niendiwe—"

"Andika, kaka."

Akarudi ndani. Akawaeleza Mzee Eliakunda na Bibi Nanzia kwa maneno mepesi kwamba ni yeye aliyeuondoa ule ukomo, kwamba aliuondoa kwa nia njema, na kwamba nia njema hiyo ndiyo iliyomfungia mzee mlango tangu Februari.

Bibi Nanzia alimtazama kwa muda mrefu. "Ungeweza kusema ni kutu."

"Ningeweza."

Mzee alikuwa akimtazama pia. Hasira ilikuwepo usoni mwake, na Niendiwe hakuiepuka. Kisha mzee akanyoosha mkono mzima, akaonyesha kidude, akaonyesha kusini. Mpigie.

4

Ilikuwa saa sita mchana. Niendiwe alizima uzibaji wote, akamvalisha mzee Jirani wake.

"Baba!" Sauti ya Nakundwa ilikuja pamoja na mngurumo wa pampu. "Mbona leo mchana? Kuna nini?"

Mzee akajibu kwa mvumo wake.

"Baba, laini mbaya. Sikusikii. Nikupigie jioni?"

"Usikate!" Niendiwe alisema. "Dada Nakundwa, naitwa Niendiwe, fundi wa Jirani. Laini ni nzima. Hiyo ndiyo sauti ya baba yako."

Akamweleza. Alijaribu kueleza kwa utaratibu, lakini alipofika kwenye Februari Nakundwa alimkatiza.

"Ngoja. Juzi aliniambia amepanda mlimani kutazama mizinga ya nyuki."

"Hajatoka nje ya ua huu tangu Februari."

"Aliniambia…" Mngurumo wa pampu ulififia. Inaonekana alikuwa amekwenda kusimama mahali pa faragha. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi mimi nimekuwa nikiongea na nani?"

Niendiwe hakulainisha jambo lile. "Na kidude, dada. Kilikuwa kinakisia. Mimi ndiye niliyekiruhusu."

"Ulikiruhusu." Akapumua. "Miezi mitano. Ningemzika baba yangu, na hicho kidude kingeniambia amekula makande. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Hulijui. Mpe baba."

Mzee Eliakunda alikishika kidude kwa vidole vyote vitano, akakisogeza mdomoni. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Bibi Nanzia alikuwa amekwisha kupiga magoti, midomo yake ikitembea bila sauti, kama mtu anayemsaidia mtoto kukariri.

"Njjj," alisema mzee. "Nja." Akapumzika. Akakusanya pumzi. "Njo… o."

Upande wa pili wakasikia mwanamke mtu mzima akilia kama mtoto.

"Nakuja, baba. Nimesikia. Nakuja."

5

Niendiwe aliripoti mwenyewe kwa wakubwa wa Mradi, nao wakamsimamisha siku ileile, wakamnyang'anya bamba la kazi. Walitaka pia kuzima uzibaji milima yote kabla ya jua kuchwa, lakini akawaomba jambo moja, nalo wakalikubali kwa shingo upande. Wazee wenyewe waulizwe kwanza. Wangezima kimyakimya kama yeye alivyowasha kimyakimya, wangekuwa wamewatendea yaleyale.

Wakakutana Jumapili asubuhi, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato kwa wengi wao. Kila mzee alikaa kwake, Jirani shingoni, wazee mia mbili na zaidi katika mkutano mmoja wa sauti. Niendiwe alisimulia alichofanya bila kujitetea. Aliposema, "Inawezekana mmewahi kusemewa maneno ambayo si yenu," pakazuka minong'ono. Halafu wote wakaanza kuongea pamoja, ikabidi mchungaji mstaafu wa kitongoji cha Vumari awatulize.

"Mimi nilishangaa!" alilalamika mama mmoja. "Mwanangu alinishukuru kwa kumbariki mchumba wake. Sikumbariki! Nilisema nitafikiri."

Watu wakacheka, naye akaongeza kwa ukali, "Msicheke. Wameshaoana."

Yule mzee kipofu akaomba nafasi. Aliitwa Kaniki, na aliongea polepole. "Nimemsikia huyu binti fundi. Amekosa, na amesema amekosa, hilo tuliweke pembeni. Mimi nasema hivi. Mkikizima kabisa, ukungu utanifunga miezi mitatu, nami sina macho ya kusoma barua. Mkikiacha kama kilivyo, sitajua kama mwanangu ananijua mimi au anakijua kidude. Hakuna njia ya katikati?"

"Ipo," alisema Niendiwe. "Ukomo urudi sekunde mbili. Na kila Jirani anapokisia, apige mlio mdogo, masikioni mwa wote wawili. Mtajua wapi pamezibwa. Mkiona milio imezidi, mnarudia, au mnangoja ukungu uinuke."

"Yaani tutakatwakatwa kama zamani," alinung'unika mtu.

"Mtakatwa, babu. Lakini kitakachofika kitakuwa chenu."

Walibishana hadi saa saba. Mwishoni wazee mia moja na sabini na nane walikubali ule mlio, ishirini na watatu wakataka kidude kisizibe chochote, na wachache wakasema wao wanataka kiendelee kuwapendezesha kama kawaida, maana hawajawahi kuongea vizuri namna ile. Wakubwa wakakubali uamuzi wa wengi. Adhabu ya Niendiwe wakaipunguza, asiguse mitambo miezi sita. Hawakumkataza kupanda mlima. Wiki iliyofuata alionekana njiani tena na fimbo, akienda nyumba kwa nyumba kuwasikilizisha wazee ule mlio na kuwafundisha kurudia maneno. Wengine walimkaribisha chai. Nyumba mbili hazikumfungulia mlango, akazisalimia kutoka uani na kuendelea na safari.

6

Nakundwa alifika siku ya tisa tangu simu ile. Alipanda na begi moja, viatu vya kiwandani miguuni, na akina mama waliomkuta njiani walisalimia huku wakitazama chini. Bibi Nanzia alimlaki nje ya ua. Alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi kwa siku nyingi, lakini alipomwona yakamtoka yote kichwani, akamvua begi akalibeba mwenyewe.

Walimpeleka mzee Moshi kwa wiki tatu. Mtaalamu wa tiba ya usemi alisema wamechelewa lakini hawajachelewa kabisa, na kwamba mengi yatategemea subira ya nyumbani. Baada ya hapo alimfuatilia kwa Jirani kila siku saa tatu asubuhi, akimtamkisha ba, be, bi, mlio ukipigapiga ukungu unapokuwa mzito, nao wakirudia. Nakundwa aliomba likizo isiyo na mshahara, akapewa hadi Desemba. Baada ya Desemba hakujua itakuwaje, na hakujifanya anajua.

Niendiwe aliwatembelea mwishoni mwa Septemba. Hakuwa na uhakika kama angekaribishwa, kwa kuwa tangu siku ile ya simu Nakundwa hakuwa amemsemesha. Alimkuta anamimina chai. Nakundwa alimtazama kidogo, kisha akaongeza kikombe cha nne mezani.

"Kaa," alisema. "Bado nina neno na wewe, lakini si leo."

"Nitakuja siku utakayotaka, dada."

Wakanywa. Mzee alikuwa amenyooka zaidi, na mdomo ulikuwa umerudi kwa nusu. Alionja chai yake, akaweka kikombe chini kwa uangalifu, akainua kidole.

"Cha… i," alisema. Akapumzika. "Chai hi… i."

Bibi Nanzia aliacha kutafuna. Tangu kiharusi, mzee alikuwa hajawahi kuunganisha maneno mawili.

"Chai hii i… i-me…"

Neno likakwama. Mzee alifumba macho, akalisukuma kwa shingo na kwa mabega. Nakundwa alilijua neno lile. Kikombe kilikuwa kimekaa muda mrefu. Chai ilikuwa imepoa. Neno lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi wa binti, silabi chache tu, na baba yake alikuwa akitokwa jasho kwa kulitafuta. Midomo ya Nakundwa ilifunguka. Niendiwe akaiona.

Nakundwa akafunga mdomo. Akaweka mikono yake mapajani, akangoja.

Nje mbuzi alilia mara mbili. Moto ulikohoa.

"I-me… zi… zidi," alisema Mzee Eliakunda, "ta… tanga… tangawizi."

Nakundwa alibaki mdomo wazi. Halafu akaanza kucheka, na mzee akacheka naye, cheko la upande mmoja la mtu aliyekuwa akiinywa chai ile mbaya ya binti yake kwa wiki kadhaa bila kuwa na maneno ya kulalamika.